Pilipili Hoho, Nikotini na Ugonjwa wa Kutetemeka

Leo nazungumzia mboga ambazo hazikosekani kwenye genge lolote: nyanya, bilinganya, viazi mviringo na pilipili hoho. Nazungumzia pia ugonjwa mmoja wa ubongo uitwao Parkinson. Mboga hizo na ugonjwa huo vilikutanishwa na utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Annals of Neurology, na tangu wakati huo habari zake zimekuwa zikipita mdomo kwa mdomo, kila anayezisimulia akiongeza chumvi yake. Wako wanaosema hoho inakinga Parkinson. Wako waliovuka mpaka kabisa wakasema kwamba ikiwa nikotini ndiyo inayokinga, basi tumbaku nayo ina faida yake. Msimamo wangu nautoa mapema: hoho inastahili kuchunguzwa, tumbaku haistahili kutetewa, na katikati ya mambo hayo mawili kuna kisa cha sayansi ambacho kila mwenye mzazi anayetetemeka angefaa kukisikia chote.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mtazame mgonjwa akiwa amekaa, mkono wake ameulaza juu ya paja. Kidole gumba kinapita juu ya kidole cha shahada, kinarudi, kinapita tena, mara nne hadi sita kwa kila sekunde. Mpe kikombe akishike. Mara nyingi mtetemo unatulia kwa muda, kwa sababu mtetemo wa Parkinson hushika zaidi mkono ukiwa umepumzika. Mwambie atembee mpaka mlangoni: hatua ni fupi, mkono mmoja unacheza, wa pili umeganda ubavuni. Mpe kalamu aandike jina lake mara kadhaa. Mstari unaanza kwa herufi za kawaida na unaishia kwa herufi ndogo ambazo hata mwenyewe hawezi kuzisoma. Uso unapoteza mabadiliko yake, hata watu wa nyumbani wanadhani amenuna. Na wako wagonjwa ambao hawatetemeki kabisa, ila ni wazito tu wa mwili, kila tendo linachukua muda mrefu kuliko zamani.

Aliyeuandika ugonjwa huu kwa makini kwa mara ya kwanza katika tiba ya Ulaya ni James Parkinson, daktari wa mtaa wa Hoxton, London, mwaka 1817. Kijitabu chake kilieleza watu sita tu, na baadhi yao aliwaona barabarani akiwa katika shughuli zake. Leo tunajua kinachotokea ndani. Chini ya ubongo kuna eneo dogo lenye rangi nyeusi, na seli za hapo hutengeneza kemikali iitwayo dopamini, ambayo bila hiyo ubongo hauwezi kuongoza mwendo wa mwili sawasawa. Katika Parkinson seli hizo zinakufa. Linaloumiza ni kwamba zinakufa kimyakimya kwa miaka. Dalili za mwendo zinapoonekana, sehemu kubwa ya seli imekwisha kwenda. Wagonjwa wengi walianza kupoteza uwezo wa kunusa, au kupata choo kigumu, miaka mingi kabla mkono haujaanza kutetemeka. Naomba ulishike jambo hilo la miaka ya kimya. Tutalirudia, maana ndilo linaloamua sehemu kubwa ya mjadala huu.

Sasa, nikotini iliingiaje? Iliingia kwa mlango wa sigara. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960, wataalamu wa Marekani walikuwa wakifuatilia vifo vya maelfu ya askari wastaafu ili wajue sigara inaua kwa njia zipi. Saratani ya mapafu ilijitokeza, moyo ukajitokeza, kama walivyotarajia. Lakini penye Parkinson hesabu ziligeuka: wavutaji walikuwa wachache kuliko wasiovuta. Wengi walifikiri ni kosa, au kwamba wavutaji wanakufa mapema kabla ya kufikia umri wa kutetemeka. Utafiti ukarudiwa nchi moja baada ya nyingine, kwa watu wa umri ule ule, na matokeo yakabaki yale yale. Uingereza kuna madaktari wanaume walioanza kufuatiliwa mwaka 1951 na Richard Doll na Austin Bradford Hill, utafiti ule ule maarufu uliosaidia kuthibitisha kwamba sigara inaleta saratani. Walipohesabiwa tena baada ya miaka 65, katika ripoti ya mwaka 2020, wavutaji walikuwa na hatari ya Parkinson iliyo pungufu kwa karibu asilimia 30. Utafiti huo huo ndio uliotuonyesha pia kwamba mvutaji wa maisha yote hupoteza kwa wastani miaka kama 10 ya uhai wake. Habari hizi mbili zimetoka kwenye daftari moja, na ni dhuluma kumsomea mtu ukurasa mmoja ukamficha wa pili.

Wanasayansi wakajiuliza: ni kitu gani ndani ya moshi? Moshi wa sigara una kemikali maelfu. Nikotini ilikuwa mshukiwa wa kwanza kwa sababu inafika kwenye ubongo haraka na ina vipokezi vyake pale pale dopamini inapofanya kazi. Kisha likatokea tukio la California ambalo liliwapa njia ya kupima. Mwaka 1982 vijana waliojidunga heroini bandia waliletwa hospitali wakiwa wameganda, hawasemi, hawasogei, wana dalili zote za Parkinson iliyokomaa. Daktari William Langston na wenzake walifuatilia mpaka wakaipata sumu iliyokuwemo ndani ya dawa ile ya kulevya, iitwayo MPTP, inayoua seli zile zile za eneo jeusi. Kwa sumu hiyo ikawezekana kumtia mnyama ugonjwa unaofanana na Parkinson katika maabara. Maryka Quik na wenzake, huko huko California, wakawapa nyani nikotini kwenye maji ya kunywa, kisha wakawapa sumu ile. Nyani waliokuwa wamezoeshwa nikotini waliumia kidogo kuliko wenzao. Lakini nikotini ilipotolewa baada ya sumu kwisha kufanya kazi yake, haikuokoa kitu. Iliwakinga tu pale ilipotangulia.

Hapo ndipo mboga zinapoingia. Mtumbaku ni ndugu wa damu wa nyanya. Katika ukoo huo wamo pilipili hoho, pilipili kali, bilinganya, viazi mviringo, nyanya chungu ambazo wengine huziita ngogwe, na mnavu wetu wa kuchemsha. Viazi vitamu havimo, na pilipili manga haimo, ni za koo nyingine kabisa. Mimea ya ukoo huu hujitengenezea kemikali chungu za kujikinga na wadudu, na nikotini ni mojawapo. Mtumbaku umeitengeneza kwa wingi wa kutisha. Wengine wamebaki na chembe ndogo sana, lakini chembe zenyewe zipo, zimepimwa.

Susan Searles Nielsen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, wakauliza swali ambalo mimi naliheshimu sana kwa urahisi wake: ikiwa nikotini ya sigara inahusika, je, ile chembe iliyo kwenye chakula nayo inaacha alama yoyote? Waliwachukua wagonjwa 490 waliogundulika kuwa na Parkinson kati ya mwaka 1992 na 2008 katika eneo la magharibi ya jimbo la Washington, wakawalinganisha na watu 644 wasio na ugonjwa wa neva. Wakawauliza wote: tangu ulipokuwa mtu mzima, nyanya ulikula mara ngapi kwa wiki? Viazi? Pilipili? Juisi ya nyanya? Wakawauliza pia mboga nyingine zisizo na nikotini, na historia yao ya sigara.

Matokeo yalikuja hivi. Mboga kwa ujumla hazikuonyesha tofauti yoyote. Mboga za ukoo wa nyanya zilionyesha kinga kidogo. Na pilipili ndizo zilizojitokeza zaidi: waliokula mara mbili au zaidi kwa wiki walikuwa na hatari iliyo pungufu kwa takribani asilimia 30. Watafiti walipozipanga mboga hizo kwa kiasi cha nikotini kilichomo, uhusiano ulipata nguvu. Na jambo la mwisho, ambalo ndilo lililonifanya niutilie maanani: kinga hiyo ilionekana hasa kwa watu ambao hawakuwahi kuvuta sigara au waliovuta kwa muda mfupi. Ukifikiri, ndivyo ingepasa kuwa ikiwa nikotini inahusika kweli. Aliyejaza nikotini ya pakiti moja kwa siku hawezi kuonyesha tofauti kwa sababu ya kipande cha hoho kwenye mchuzi.

Mpaka hapo mambo yanavutia. Lakini twende kwenye hesabu, na naomba uzifuate nami, maana hapa ndipo watu wengi wanapopita haraka.

Mvutaji wa sigara moja anaingiza mwilini takribani miligramu moja ya nikotini. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani waliandika kwamba bilinganya waliyoipima ilikuwa na nanogramu kama 100 kwa kila gramu. Nanogramu ni sehemu moja ya milioni ya miligramu. Kwa kipimo hicho, ili uipate nikotini ya sigara moja, ungelazimika kula kilo 10 za bilinganya. Na hicho ni kipimo cha juu. Watafiti wa Austria waliporudia kazi hiyo mwaka 1999 kwa vyombo vizuri zaidi, walipata nanogramu 2 hadi 7 tu kwa gramu katika mazao mabichi ya ukoo huu, na wakaona kwamba nyanya hupoteza nikotini kadiri inavyoiva. Chukua kiwango cha kati, nanogramu 5. Sasa sigara moja imekuwa sawa na kilo 200 za hoho. Magunia. Watafiti hao walikadiria kwamba mtu wa kawaida hupata kutoka kwenye chakula chake kama mikrogramu 1.4 kwa siku, na mikrogramu ni sehemu moja ya elfu ya miligramu. Kwa hiyo chakula cha siku nzima kinampa mtu nikotini iliyo chini ya sehemu moja ya mia tano ya ile anayoipata mvutaji kwa sigara moja tu.

Je, kiasi kidogo namna hiyo kinaweza kufanya lolote kwenye ubongo? Wanaosema inawezekana wana hoja, na si hoja dhaifu. Vipokezi vya nikotini kwenye ubongo ni kama viti vya daladala: viti vikishajaa, abiria wanaoongezeka wanasimama tu. Picha za ubongo zilizopigwa Los Angeles na kuchapishwa mwaka 2006 zilionyesha kwamba mvuto mmoja au miwili ya sigara inatosha kujaza nusu ya vipokezi muhimu. Maana yake ni kwamba huhitaji pakiti nzima ili nikotini ifanye kazi yake. Kiasi kidogo, kinachorudiwa kila siku kwa miaka 30 au 40, huenda kikaacha alama. Lakini hata huo mvuto mmoja wa sigara una nikotini nyingi kuliko chakula cha siku nyingi. Kwa maoni yangu hesabu hii inaielemea nadharia ya nikotini kuliko inavyoibeba.

Ndiyo maana watafiti wenyewe, kwa uungwana, hawakufunga mlango. Walisema huenda kinachofanya kazi si nikotini bali ndugu yake, kemikali iitwayo anatabini, ambayo pia imo kwenye ukoo huu na ambayo majaribio ya maabara yameonyesha inapunguza uvimbe. Au kitu kingine kilichomo kwenye pilipili ambacho bado hakijatajwa jina katika habari hii. Hoho ina vitu vingi, na nikotini ndiyo iliyo kidogo kuliko karibu vyote.

Kisha kuna lile jambo nililokuomba ulishike, miaka ya kimya. Mgonjwa wa Parkinson hakuanza kuugua siku aliyogunduliwa. Amekuwa akiugua polepole kwa miaka 10, pengine 20. Katika miaka hiyo pua yake imeanza kufa. Chakula chenye harufu kali na ladha kali, kama pilipili, hakimvutii tena kama zamani. Utumbo wake umekuwa mzito, na huenda ameanza kukwepa vyakula fulani kwa sababu vinamsumbua. Ukimuuliza leo amekula pilipili mara ngapi, atakwambia mara chache, na utaandika kwenye fomu yako kwamba wasiokula pilipili wanapata Parkinson. Kumbe ugonjwa ndio uliomwondoa kwenye pilipili! Watafiti wa Seattle walijaribu kuliepuka tatizo hili kwa kuuliza kuhusu maisha yote ya utu uzima, lakini nani kati yetu anakumbuka kwa uhakika alichokula kila wiki akiwa na miaka 35?

Shaka hiyo hiyo imeigusa sigara. Mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo ya Denmark yaliyoonyesha kwamba watu waliokuja kupata Parkinson waliacha sigara kwa urahisi kuliko wenzao. Kuacha sigara, kama ajuavyo yeyote aliyejaribu, ni vita. Ubongo unaopungukiwa dopamini haufurahii nikotini kama ubongo mzima, kwa hiyo mtu anaiacha bila taabu. Ukija kuhesabu baadaye, unakuta wagonjwa wengi ni watu waliokwisha kuacha, na unadhani sigara ingewakinga. Utafiti wa madaktari wa Uingereza unasema maelezo hayo hayatoshi kufuta tofauti yote, na mimi naukubali. Lakini mjadala uko wazi, na anayekwambia umefungwa anakuuzia kitu.

Palikuwa na njia moja ya kujua vizuri zaidi: wape wagonjwa nikotini yenyewe, bila moshi, uone. Likafanyika. Wagonjwa 162 wa Ujerumani na Marekani, wote wakiwa kwenye hatua za mwanzo za Parkinson, waligawanywa kwa kura. Nusu walibandikwa plasta zenye nikotini, zile zile wanazotumia watu wanaoacha sigara, na nusu wakabandikwa plasta zisizo na kitu. Mwaka mzima. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023: nikotini haikupunguza kasi ya ugonjwa hata kidogo. Waliopewa nikotini hawakuwa na nafuu kuliko wenzao.

Hapo ukiwakumbuka wale nyani wa California, utaona kwa nini kisa hakijaisha. Nikotini iliwasaidia ilipotangulia sumu, haikusaidia ilipochelewa. Wagonjwa wa plasta walikuwa wamekwisha kupoteza seli zao. Mla hoho, kwa upande mwingine, alianza akiwa kijana mwenye ubongo mzima. Kwa hiyo jaribio lile halikuliua swali la hoho. Lakini limeliua kabisa, nasema kabisa, wazo la kumpa mgonjwa wa Parkinson nikotini kama tiba. Mtu asimpe babu ugoro eti umtulize mkono. Asimpe bibi tumbaku ya kutafuna. Na asimwambie mtu yeyote aendelee na sigara kwa ajili ya kinga ya ugonjwa ambao wavutaji wengi hawangeupata hata wangeacha, wakati sigara, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, inaua hadi nusu ya wanaoitumia bila kuacha.

Nimekwisha sema hoho inastahili kuchunguzwa, na bado nasema hivyo. Kinachotakiwa ni kuwauliza watu wenye afya leo wanakula nini, kuwafuatilia kwa miaka 20 au 30, kisha kuhesabu nani ameugua. Na tafadhali kula hoho sahani nzima ukipenda. Ni mboga nzuri yenye vitamini C kushinda chungwa. Kula kwa sababu hiyo.

Lakini msikilizaji, kuna jambo linalonisumbua kila habari hii ya pilipili inaporudi, nalo halitoki Seattle. Linatoka Hai, mkoani Kilimanjaro. Watafiti wa Tanzania na Uingereza, wakiwemo madaktari Catherine Dotchin na Richard Walker, walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya hiyo, yenye watu 161,071 katika sensa yao, wakitafuta wagonjwa wa Parkinson. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Walipata wagonjwa 33. Na zaidi ya robo tatu ya hao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana ugonjwa huu. Wengine walikuwa wameugua kwa miaka bila kidonge kimoja. Walipozungumza nao na familia zao, walisikia watu wakiuita ugonjwa wa kutetemeka, wakiudhania kuwa ni uzee, na wengine wakiudhania kuwa ni kurogwa.

Fikiria hilo karibu na habari ya hoho. Tunabishana kuhusu nanogramu 5 za nikotini, na huku mzee wa Hai hawezi kujifunga kifungo cha shati, hawezi kujigeuza kitandani usiku bila kuinuliwa na mkewe, na dawa inayoweza kumrudishia mwendo wake imejulikana tangu George Cotzias alipoonyesha kazi yake New York mwaka 1967. Dawa hiyo ni levodopa. Ubongo huigeuza kuwa dopamini. Haiponyi, na baada ya miaka inaleta matatizo yake, lakini mgonjwa aliyeganda anaweza kuinuka akatembea mwenyewe. Siku hizi hutolewa pamoja na kabidopa, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hapa, kwa maoni yangu, ndipo pa kuweka nguvu na fedha kwanza: daktari wa wilaya aweze kuutambua ugonjwa, na kidonge kipatikane mwezi huu na mwezi ujao, maana dawa hii haifai kukatwa ghafla.

Na hapa chakula kinarudi, safari hii kwa namna isiyo na ubishi. Levodopa hufyonzwa kwenye utumbo kwa kutumia njia ile ile inayotumiwa na protini. Mgonjwa akimeza kidonge pamoja na nyama, maharage au maziwa, vinashindania mlango na dawa inachelewa au inaingia nusu. Wengine hudhani dawa imeacha kufanya kazi, kumbe ni saa ya kuimeza ndiyo mbaya. Daktari mara nyingi hushauri kidonge kimezwe nusu saa kabla ya kula, au saa moja baada ya chakula. Akisikia kichefuchefu, kipande kidogo cha mkate mkavu kinasaidia bila kuleta protini nyingi. Halafu choo kigumu, ambacho kinawatesa wagonjwa wengi na kinaichelewesha dawa tumboni: maji ya kutosha, mboga za majani, matunda, na kutembea kila siku. Katika haya yote mchicha na papai vina kazi kubwa kuliko nikotini yote iliyomo kwenye kapu la nyanya.

Kuna mmea mwingine ambao lazima niutaje, kwa sababu unaujua na huenda umewahi kuukimbia. Upupu. Ule ule wenye vinyweleo vinavyowasha. Mbegu za upupu zina levodopa yenyewe, kwa asilimia kadhaa ya uzito wake. Tiba ya Kihindi imezitumia kwa karne nyingi. Mwaka 2017 watafiti wa Italia walichapisha jaribio walilofanya Bolivia na wagonjwa 18, wakitumia unga wa mbegu za upupu zilizokaangwa, na wagonjwa walipata nafuu ya mwendo iliyolingana na ya kidonge cha hospitali. Linganisha na hoho: huku tunatafuta alama ya chembe isiyoonekana, kule mbegu ya porini ina dawa kamili kwa kipimo cha kumwinua mtu. Lakini usiende kuzichuma. Mbegu moja haina kipimo sawa na nyingine, zikizidi zinaleta kutapika, kushuka kwa presha na kuona visivyokuwepo, na kwa mtu ambaye tayari anameza vidonge zinaweza kumzidishia dozi bila kujua. Watafiti wa jaribio la Bolivia walizipima kabla ya kumpa mtu. Ningependa sana kuona vyuo vyetu vikuu vya tiba vikiifanya kazi hiyo hapa, ambako upupu unaota bure na kidonge kinanunuliwa.

Kama nyumbani kwako yupo mtu ambaye mkono mmoja umeanza kutetemeka akiwa amekaa, au hatua zimefupika, au mwandiko umepungua, mpeleke hospitali ya wilaya na umweleze daktari mambo manne: yalianza lini, yalianza upande gani, anatetemeka zaidi akiwa amepumzika au akiwa anafanya kazi, na dawa zote anazotumia. Hilo la dawa usilisahau, kwa sababu baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na hata za kuzuia kutapika huleta mtetemo unaofanana na Parkinson, na mtetemo huo mara nyingi huisha dawa hizo zikibadilishwa. Kama anatumia ugoro au sigara, mwambie daktari hilo nalo, mpate kusaidiwa aache.